Ziwa la Kina Sisi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, tena kwa sauti, ili mkifika katikati msipate tabu ya kunitafutia jina.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita alilitumia kufutia vioo, hali ni hii. Karakana yangu ya redio imekufa, kwa sababu siku hizi redio ikikohoa watu wanaitupa. Nikahamia kwa mama mkwe na mke, watoto, mabegi na sanduku la bisibisi. Mama mkwe ana boti. Injini ya boti ilikuwa maiti, mafundi wameikimbia. Nikaifungua, nikaifunga, ikanguruma. Mama mkwe akatamka mbele ya ufukwe mzima kwamba aliyeifufua ndiye atakayeiendesha. Akanipa usukani, akamruka mwanawe wa kumzaa.

Mwanawe ndiye shemeji yangu. Ufukweni anaitwa Pua, kwa sababu anadai ananusa samaki wakiwa chini ya maji.

Basi tangu nishike usukani, nyavu zetu zinatoka na magugu. Shemeji hapandi boti yangu. Anatoka peke yake alfajiri na kitumbwi chake, anarudi kimejaa mpaka kinataka kuzama.

"Tufundishe na sisi kunusa," niliwahi kumwambia.

"Pua haitaki kelele, shem," akanijibu. "Na wewe ni kelele yenye miguu."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee na mabaya.

Mama mkwe akifurahi huniita Fundi. Akikasirika huniita wewe. Asubuhi ile alianza na wewe.

"Wewe. Wachuuzi wananiuliza kama boti yangu inavua samaki au inafyeka majani."

"Mama, ziwa limejaa magugu. Hakuna mtu anayeona kitu chini."

"Magugu yakimwona mwanangu yanakimbia?"

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta na kofia yake ya sufu, ile anayovaa hata jua likitoboa mawe. Akajikuna pua taratibu, makusudi, niione.

"Mwache shem apumzike, mama," akasema. "Redio na samaki ni vitu viwili. Redio ikiwa nzima inakwambia yenyewe iko wapi."

"Ingekuwa nzima kama domo lako tusingelala," nikamjibu.

"Nyamazeni!" Mama mkwe akachomeka kisu kwenye ubao wa kuparia samaki. "Boti za upande wa pili zina mashine ya kuonyesha samaki. Nitakupa pesa, wewe mwenye mitambo yako, ukachague moja. Si ya matajiri. Chagua ya kina sisi. Jumamosi napanda mwenyewe. Ikituonyesha samaki, usukani ni wako, na sitaki kusikia mdomo wa mtu. Isipotuonyesha, usukani ni wa mwanangu."

"Na mimi?"

"Chumba cha uani ni cha nahodha. Binti yangu na wajukuu wangu nitawapangia pa kulala. Wewe utatazama mwenyewe."

Mmesikia? Si usukani tu. Ni kitanda.

Mke wangu alinisindikiza hadi njiani. Akanishika kola, akanitazama usoni kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari wa meno.

"Ukifika dukani ukiulizwa kitu, jibu. Usitanie."

"Mimi natania lini?"

Hakucheka. Hapo ningepaswa kushtuka.

Duka la zana za uvuvi limebanwa kati ya fundi saa na muuza matairi. Ndani kuna nyavu zimening'inia, maboya, ndoano za kila umri, na kaunta ya kioo. Nyuma yake kulikuwa na kijana mwenye kalamu sikioni na adabu nyingi. Adabu ile ndiyo iliyonidanganya nikafikiri hana akili.

"Karibu, mkubwa. Tukusaidie nini?"

"Nataka mashine ya kuona samaki."

"Umefika. Ya kuvulia wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa lenu ni la kina gani?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Jibu lake ni kwamba maji yetu yanafika kiunoni, kifuani ukienda mbali, na penye shimo ndipo yanamfunika mtu. Mtoto angejibu. Lakini maneno ya mama mkwe yalikuwa bado yanacheza kichwani mwangu, nami ulimi wangu haujawahi kupita penye utani bila kusalimia.

"La kina sisi," nikasema.

"Nauliza kina, mkubwa. Kwenda chini."

"Nami nakujibu. La kina sisi, kina mama mkwe, kina shemeji. Unamtaka kina nani mwingine?"

Kulikuwa na mteja mmoja mwenye tumbo, anachagua ndoano. Akaangua kicheko. Basi, nimekwisha. Mtu akinichekea siwezi kuacha hata nyumba ikiungua.

"Kirefu au kifupi?" muuzaji akauliza, bado na adabu zake.

"Kina baba ni warefu. Kina mama wa wastani."

Yule wa ndoano akashika kaunta asianguke. Muuzaji akaondoa kalamu sikioni, akapumua, akatoa mashine tatu akazipanga juu ya kioo.

Nakiri kwamba alieleza vizuri. Leo naweza kuyarudia yote, siku hiyo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Ya kwanza ni kama mpira, saizi ya chungwa. Unaufunga kamba, unautupa majini, unaelea, picha inakuja kwenye simu yako. Ya pili ni ya kushika mkononi, kubwa kidogo kuliko simu, ina waya na jicho lake linalokaa majini. Ya tatu ilikuwa kioo kipana kama sinia, rangi za kila namna, nayo inataka betri ya pikipiki.

"Sauti inatoka kwenye jicho kama mwanga wa tochi," akasema. "Ukimulika ukuta kwa karibu unapata kiduara kidogo. Ukirudi nyuma kinapanuka. Penye maji haba tochi yako iko karibu na ukuta, kwa hiyo unataka yenye mwanga mpana. La sivyo samaki anapita ubavuni mwa boti humwoni. Tena iwe inasomeka juani, na betri yake ichajike nyumbani."

"Hii kubwa je?"

"Hiyo ilitoka kwenye meli za bahari kuu. Imeshatumika, ndiyo maana bei yake sawa na hii ya mkononi. Si yenu." Akaisukuma ile ya mkononi mbele yangu, akatabasamu kwa wema kabisa. "Kwa watu wa kina kifupi kama nyinyi, hii inatosha."

Masikio yakaniwaka.

"Watu wa nini?"

"Wa kina kifupi."

Yule mteja wa ndoano akatabasamu tena. Safari hii hakuwa anauchekea utani wangu. Alikuwa ananitazama viatu.

Sasa niambieni. Mtu umeshafungiwa karakana. Unalala chumba cha watu. Shemeji anakukunia pua kila asubuhi. Halafu mtoto wa kaunta anakutazama mara moja, anakupima, anakuambia kwamba una kina kifupi, huna kitu ndani, ukichovya kidole unagusa chini. Damu ilinichemka hadi nikasikia joto kwenye meno.

"Hiyo kubwa inafika wapi?"

"Mita mia mbili. Lakini mkubwa, usiulize inafika wapi. Uliza inaanzia wapi."

"Kijana, mimi nilikuwa nafungua mitambo wewe hujaota meno. Nifungie hiyo."

"Ikitoka hairudi."

"Irudi kufanya nini?"

Akaifunga. Hakunibishia tena. Nilitoka nimeibeba begani kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi ikafika. Mama mkwe alipanda botini na mabuti yake ya mpira, akaketi katikati kama hakimu. Shemeji, kwa amri ya mama yake, akaketi mbele na kofia yake. Mke wangu akabaki ufukweni, mikono kichwani kabla hata sijawasha injini.

Nikaunganisha betri. Kioo kikawaka buluu, njano, nyekundu. Hata mimi nilijiheshimu.

Boti ya Kinyozi ilikuwa inatoka pamoja nasi. Kinyozi ananyoa watu siku za kazi na kuwasema Jumamosi, akiwa majini ambako hawamfikii.

"Fundi!" akapaza sauti. "Hiyo ni ya samaki au ya kuangalia mpira?"

"Utanunua samaki kwangu leo," nikamjibu.

Tukafika ukingo wa magugu. Mashine ikaonyesha vistari. Nikaipiga kofi dogo, kama tulivyokuwa tunafanya redio. Ikaendelea na vistari. Nikaipiga tena. Ikalia ti-ti, ikaleta namba na samaki kibao.

"Mama! Mita thelathini na mbili! Tuko juu ya shimo, na limejaa!"

Mama mkwe akainama akatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Hapa wakati wa usichana wetu tulikuwa tunafua."

"Ziwa limebadilika, mama. Mashine haina sababu ya kudanganya."

Shemeji akavua ndala, akazipanga vizuri moja kando ya nyingine, akapanda ukingo wa boti, akaruka.

Nilipiga ukelele. Sikupenda awe shemeji yangu, lakini sikupenda afe nikiwa nahodha.

Maji yakatulia. Shemeji alikuwa amesimama, maji kiunoni, kofia kichwani.

"Shem, nakufa!" akalia, mikono juu. "Mita thelathini na mbili! Mwambieni mama nilimpenda!"

Mashine ikalia tena. Ikaonyesha samaki wawili wakubwa, warefu, wamesimama kando kwa kando.

Ilikuwa miguu yake.

Boti ya Kinyozi iliyumba kwa vicheko, nusura ipinduke. "Fundi, mtupieni kamba!" akapiga kelele. "Akishuka zaidi atatokea upande wa pili wa dunia!"

Nimetania watu maisha yangu yote. Sikujua kwamba upande ule wa utani ni mchungu hivi. Nilitaka kukitupa kile kioo majini, lakini kingetua chini kikaendelea kuonekana.

Mama mkwe hakucheka. Ningeshukuru angecheka.

"Geuza boti," akasema. "Jioni mwanangu anachukua ufunguo wa injini."

Sikumbuki njia niliyopita hadi dukani. Nakumbuka mashine begani, betri mkononi, na maneno yaliyokuwa yanagombana mdomoni lipi litoke kwanza. Niliibwaga kwenye kaunta.

"Mwizi wewe!"

"Karibu, mkubwa."

"Usinikaribishe! Umeniuzia kioo kinachohesabu miguu ya shemeji yangu kuwa samaki! Mtu amesimama, maji kiunoni, mashine yako inasema mita thelathini na mbili!"

"Chini kuko karibu sana, jicho linakosa nafasi. Sauti inagonga chini, inarudi juu, inagonga tena, mashine inachanganyikiwa. Hiyo haianzi kusoma mpaka maji yamfunike mtu mrefu." Akanitazama. "Ndiyo maana nilikuuliza kina."

"Nilikujibu!"

"Ulinijibu kina sisi. Kisha ukaniambia kina mama ni wa wastani."

Fundi saa wa duka la jirani alikuwa amekuja mlangoni na lenzi yake jichoni. Akacheka mpaka lenzi ikadondoka.

"Na wewe ukanitukana!" nikasema. "Ukaniita mtu wa kina kifupi!"

"Ziwa, mkubwa. Nilisema ziwa."

"Ulisema watu!"

Akafikiri. "Basi kama nilisema watu, niwie radhi. Lakini ni mtu gani anasikia kina kifupi kwenye duka la uvuvi anafikiri anasemwa yeye?"

Mimi hapa. Huyo mtu ni mimi.

"Imeandikwa kitafuta samaki," nikashikilia, maana hasira ikikosa pa kwenda hushika chochote. "Samaki wako wapi?"

"Imeandikwa kitafuta. Hakuna mahali palipoandikwa kipata."

Nilinyoosha mkono nimshike shati. Akarudi nyuma hatua, na hapo, kwa kujitetea tu, akasema neno lililobadilisha siku yangu.

"Mkubwa, mbona hukumuuliza mwenzako wa huko huko kwenu? Yeye tangu msimu uliopita anatumia ule mpira wa kuelea, hajawahi kulalamika. Kila mara anakuja kununua kamba. Alisema maji yenu yanafika kiunoni, akajibu kila nilichomuuliza."

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Mwenzangu yupi?"

"Simjui jina. Anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ule mpira anauweka humo humo."

Nilikaa chini, pale pale, juu ya furushi la nyavu.

Pua! Pua haitaki kelele! Kumbe hakuna pua wala makamasi! Kumbe mtu anatoka alfajiri peke yake, anavua kofia, anatupa chungwa lake majini, anasoma simu kama sisi tunavyosoma, anarudi anajikuna pua mbele yangu! Na mimi nimekuwa nikizungusha boti magugu kwa magugu, nyumba nzima inanitazama kama mkosi, na yeye anajua walipo!

"Mkubwa, unataka maji?" muuzaji akauliza.

Nilitaka kofia.

Nilirudi nikikimbia na mashine yangu begani. Mama mkwe alikuwa uani, anaosha samaki kwenye beseni kubwa, mke wangu kando yake. Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, ufunguo wa injini shingoni kwa kamba, kama medali.

"Vua kofia," nikamwambia.

"Shem, jua limekupiga."

"Vua kofia!"

"Mama, mwambie huyu..."

Sikungoja. Niliinyakua. Mpira wa rangi ya chungwa ukaruka, ukadunda mara moja sakafuni, ukatumbukia chubwi kwenye beseni. Ulipolowa ukawaka taa. Na mfukoni mwa shemeji, simu ikalia.

Ti-ti.

Mke wangu akaziba mdomo. Shemeji akaibana simu kwa kiganja, lakini ikalia tena, kwa furaha, kama mtoto aliyemwona baba yake.

"Hiyo ndiyo pua yake, mama!" nikapiga kelele. "Inanunuliwa dukani! Inachajiwa! Mwanao hajawahi kunusa hata mchuzi! Ametudanganya ufukwe mzima!"

Mama mkwe akauokota mpira, akaugeuza, akaukung'uta maji. Akaongea taratibu, nami nikajua kuna mtu ataumia.

"Kwa hiyo boti yangu ilipokuwa inarudi na majani, wewe ulikuwa unajua samaki walipo."

"Mama, ningesema, kila mtu angenunua..."

"Watoto wa dada yako walipokuwa wanakula wakibakiza cha kesho, ulijua."

"Usukani ulikuwa wangu!" Shemeji akainuka, sauti imempasuka. "Ulinipokonya mbele ya watu! Mbele ya Kinyozi! Ukampa mtu wa redio kwa sababu ya injini moja! Nilitaka uone mwenyewe kwamba hawezi. Nilitaka uniite. Hata siku moja hukuniita, mama."

Nitasema ukweli: neno lile lilinigusa mahali, maana na mimi najua kufungiwa mlango. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa nashinda, na mtu anayeshinda hasikii vizuri.

"Mnamsikia?" nikadakia. "Mwongo anadai haki! Mama, mvue ufunguo huyo. Mwongo hawezi kuwa nahodha."

Mama mkwe akanigeukia.

"Mwongo huyu kaleta alfajiri samaki hawa unaowaona kwenye beseni. Wewe mkweli umeleta nini?"

"Mashine, mama."

"Ya bahari. Nilikutuma ya ziwa ukaniletea ya bahari. Ukaulizwa swali moja ukalijibu kwa kuchekesha watu. Hizo habari zimeshafika hapa kabla yako, muuza matairi ana simu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mmoja ana macho anayaficha, mwingine anatafuta macho kwa mdomo. Na mimi katikati yenu nakufa njaa na boti nzima, injini nzima, ziwa lile pale."

Akamfuata mwanawe, akaingiza vidole chini ya ile kamba, akaivuta juu ya kichwa chake. Nikanyoosha mkono kupokea ufunguo.

Akauvaa yeye.

"Alfajiri natoka mimi," akasema. "Wewe wa kofia utakaa mbele na mpira wako, utasema kwa sauti unachokiona. Wewe wa redio utakaa nyuma na kopo, utakumba maji yanayoingia. Habari za chumba nitasema tukirudi."

Mke wangu aliinama juu ya beseni, mabega yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia.

Mimi na shemeji tukatazamana. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulitazamana bila kutaka kupigana.

"Mama, usukani?" akasema shemeji. "Wewe? Kinyozi atatuimbia mwaka mzima."

"Ziwa lina visiki, mama," nikasema mimi. "Injini ile ina nguvu. Si jambo la mtu kuamka asubuhi akaamua."

"Tena usukani huu ni wa baba," akaongeza shemeji, anapata moto. "Aliuacha kwa wanaume wa nyumba hii. Usiku, ukungu, alikuwa anatoka na kurudi hajagusa kisiki hata kimoja."

"Hapo shemeji kasema kweli," nikamuunga mkono, na nikashangaa kusikia sauti yangu ikisema hivyo. "Baba mkwe, Mungu amrehemu, hata mimi niliyemkuta mzee nilimwona. Alilijua ziwa lile kama kiganja cha mkono wake."

Mama mkwe akachukua kisu, akamshika kambare kichwa, akaendelea na kazi yake bila kututazama.

"Alilijua sana," akasema. "Na mnafikiri alifundishwa na nani?"